Kusoma kwa Sikio

Mtoto wa darasa la tatu akikutana kwa mara ya kwanza na neno "wasingalitukumbusha" kwenye ukurasa, hufanya kile alichofundishwa: hulikata vipande. Wa, si, nga, li, tu, ku, mbu, sha. Herufi zote anazijua, kila silabi anaitamka sawasawa, na mwalimu aliyesimama kando ya dawati hana cha kumsahihisha. Lakini anapofika kwenye "sha", ile "si" iliyobeba ukanushi wa neno zima imeshamtoka kichwani. Mwulize maana yake, atakutazama tu. Mtoto huyohuyo, akiwa amekaa jikoni huku shangazi yake akisimulia safari ya Pemba, na jinsi majirani wasingaliwakumbusha saa wangaliachwa na boti, anaelewa papo hapo na kucheka panapochekesha. Lugha ni ileile na kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni mlango ambao lugha imeingilia. Tunapobishana kama vitabu vya sauti vinawafaa watoto na vijana, au kama ni anasa ya wenye simu kubwa, ni vyema kuanzia kwa mtoto huyu mwenye silabi nane mkononi asiyejua la kuzifanyia. Kitabu cha sauti kina thamani kwake kwa sababu kinalisha sikio, na jicho haliwezi kuelewa kwenye karatasi lugha ambayo sikio halijaizoea.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili katika hesabu fupi ambayo walimu wa kusoma wanaitumia hadi leo. Walisema ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kufumbua maandishi, na uwezo wa kuelewa lugha inaposemwa. Walichagua kuzidisha wala si kujumlisha, na hapo ndipo penye uzito wa hoja yao. Katika kujumlisha, upungufu wa upande mmoja hufidiwa na wingi wa upande wa pili. Katika kuzidisha, sifuri moja huangusha kila kitu. Pwani yetu haihitaji maabara kulielewa hilo. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani akahitimu juzuu zake anaweza kusoma ukurasa wa Kiarabu kwa ufasaha unaomliza babu yake, na asijue maneno yale yanasema nini mpaka aje afundishwe tafsiri. Upande wa herufi amejaza kumi. Upande wa lugha bado. Tafiti zilizopitiwa na Thomas Sticht na mwenzake mwaka 1984 zinaongeza jambo la pili: katika shule za Marekani, uwezo wa mtoto wa kuelewa anachosikia huwa juu ya uwezo wake wa kuelewa anachosoma kwa miaka mingi, na jicho hulifikia sikio takriban darasa la saba au la nane. Maana yake, mtoto wa darasa la tatu anaweza kufuata kisa kirefu chenye hila, wivu na majuto, ilhali kitabu anachoweza kukisoma mwenyewe kinamwambia kuwa baba analima na mama anapika. Tukimpa vile tu ambavyo jicho lake linaviweza, akili yake inakaa na njaa miaka minne au mitano, kisha tunashangaa kwamba hapendi vitabu.

Katika Kiswahili jambo hili lina sura yake. Maandishi yetu ni mepesi kufumbua: herufi hukaa karibu na sauti yake, na anayejua ba, be, bi, bo, bu ameshapata ufunguo wa nusu ya nyumba. Hata hivyo tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa kuwafuata watoto majumbani kwao, zimeonyesha tena na tena kwamba watoto wengi wanaomaliza darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Sababu ni nyingi, na madarasa yenye msongamano ni mojawapo. Lakini ipo sababu iliyomo ndani ya lugha yenyewe: neno letu moja hubeba sentensi nzima, na anayelisoma kwa silabi hulipoteza kabla hajalimaliza. Anayelisoma vizuri ni yule anayelitambua umbo lake kwa mkupuo, kama anavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali, na umbo hilo hulipata kwa kulisikia mara nyingi likiwa kazini. Zaidi ya hayo, maandishi yetu yana mambo yanayoyanyamazia. "Barabara" ya magari na "barabara" ya jambo lililofanywa sawasawa zimeandikwa namna moja. Mkazo ndio unaozitenga, na mkazo haumo kwenye karatasi. Mzaliwa wa Mombasa au Lamu hutenga paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi anayoitoa kwenye herufi ya kwanza, na pumzi hiyo nayo haiandikwi. "Amefika" ya kuarifu na "Amefika?" ya kuuliza hupambanuliwa kwa kiimbo pekee; alama ya kuuliza inamkumbusha msomaji kupandisha sauti, lakini haimfundishi namna ya kuipandisha. Mtoto aliyekua akisikia Kiswahili kila saa hujaza mapengo haya bila kujua. Yule anayekutana nacho shuleni, kwa kuwa nyumbani wanasema Kisukuma, Kimeru au Kiluo, hana cha kuyajazia. Huyu ndiye anayekihitaji zaidi kitabu cha sauti, na ndiye anayefikiwa nacho mwisho.

Wapo watakaosema haya ni mageni yaliyoletwa na simu. Lugha yenyewe inawakanusha. Katika Kiswahili cha pwani, kusoma hakujawahi kuwa kazi ya jicho peke yake: maulidi husomwa, na waliokaa mkekani kuyasikiliza hurudi nyumbani wakisema walikuwa kwenye kisomo. Kusikia nako ni kupana kuliko kazi ya sikio. Tunasikia njaa, tunasikia harufu, na tunapomwambia mtoto "umesikia?" hatumwulizi kama sauti imemfikia, tunamwuliza kama ameelewa na atafanya. Fasihi yetu iliyoandikwa iliandikwa ili isikike. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu, na utenzi ambao Mwana Kupona aliutungia binti yake mwaka 1858, haikuwa miswada ya kusomwa kimyakimya pembeni ya dirisha. Ilighaniwa. Aliyejua hati aliifungua, wengine wakasikiliza, na wengi wa wasikilizaji hao walitoka na beti nyingi moyoni bila kugusa karatasi. Hata kitabu cha sauti cha kisasa kina asili ya heshima: Marekani mwaka 1934 na Uingereza mwaka 1935 kilianza kutolewa kwa santuri kwa ajili ya wasioona, wakiwamo askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande mmoja wa santuri za Uingereza ulichukua kama dakika 25, na riwaya moja ikahitaji rundo la santuri kumi hivi. Watu wale hawakuwa wakikwepa kusoma. Walikuwa wakikirudia kitabu ambacho vita viliwanyang'anya.

Kwa vijana wa sekondari thamani yenyewe hubadilika, maana sasa herufi si kizuizi tena. Kizuizi ni lugha ya kitabuni, iliyo mbali na lugha ya mtaani. Tazama linavyofundishwa shairi. Kijana anaambiwa kwamba tarbia ina mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Anachukua kalamu, anahesabu silabi kwa vidole, anaandika jibu, anapata alama. Inawezekana kabisa akamaliza kidato cha nne akiwa amehesabu mizani ya mashairi mengi bila kulisikia hata moja likighaniwa, kama mtu aliyejifunza mapishi kwa kupima uzito wa sufuria. Mizani ni pumzi kabla ya kuwa hesabu. Akisikia shairi kwa sauti ya anayejua kughani, ataelewa kwa nini mshairi amefupisha neno hapa na kulirefusha pale, na kwa nini mstari uliozidi silabi moja unakwaruza. Hata lile neno la mtoto wa darasa la tatu, "wasingalitukumbusha", atagundua kwamba lina mizani nane kamili, na kwamba lingetosha kuwa kipande kizima cha utenzi. Nathari nayo ni vivyo hivyo. Sentensi za Shaaban Robert katika Adili na Nduguze huenda kwa mizani ya ndani, kifungu kikijibu kifungu. Kijana aliyezoea ujumbe mfupi wa simu huchoka kwenye mstari wa tatu, si kwa ugumu wa maneno bali kwa kutojua wapi pa kuvuta pumzi. Msomaji hodari humwonyesha. Tamthilia hata haihitaji kutetewa: Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, wanayoisoma wanafunzi wa Kenya, iliandikwa isemwe na vinywa tofauti, na kuisoma kimya peke yake ni kuipata nusu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtoto anatafuniwa. Kusikiliza, wanasema, ni uvivu, na anayesema amesoma kitabu alichokisikiliza anadanganya. Pingamizi hili linadhani kwamba kazi ya kusoma ni kufumbua herufi. Kufumbua ni mlango tu. Kazi iko ndani: kukumbuka nani ni nani, kumshuku anayesema uongo, kuunganisha la jana na la leo, kuona picha ambayo haikuchorwa. Kazi hiyo msimulizi hamfanyii mtu. Mwaka 2019 Fatma Deniz na wenzake wa Berkeley, California, walipima ubongo wa watu tisa waliosikiliza hadithi na kuzisoma hadithi zilezile. Ramani ya maana iliyowaka kichwani ilikaribia kuwa moja kwa njia zote mbili. Utafiti wa Beth Rogowsky na wenzake wa mwaka 2016 uliwagawa watu wazima katika makundi matatu, wengine wakisoma, wengine wakisikiliza, wengine wakifanya yote mawili kwa pamoja, na ufahamu wao haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Hawa walikuwa watu wazima wanaojua kusoma, kwa hiyo matokeo yao hayatuhusu moja kwa moja mtoto anayejifunza herufi. Yanatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba akili ya msikilizaji haikulala.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na ushahidi uko upande wake. Sikio hutoroka. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walilinganisha watu waliosoma kwa sauti, waliosoma kimya na waliosikiliza. Waliosikiliza ndio ambao mawazo yao yalizurura zaidi. Miaka mitatu kabla, David Daniel na William Woody waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, wengine kwa maandishi na wengine kwa kurekodi, na waliosikiliza wakafanya vibaya kwenye jaribio. Mtetezi wa vitabu vya sauti asiyataje haya kwa kunong'ona. Yanatufundisha mipaka ya chombo. Makala ya kitaaluma hudai msomaji arudi nyuma, alinganishe, apige mstari; jicho hurudi kwa nusu sekunde, sikio halirudi kwa urahisi. Hadithi ina kamba yake yenyewe, kwani tamaa ya kujua kitakachofuata humvuta msikilizaji arudi kundini akipotea. Kwa hiyo baiolojia na jiografia zibaki kwenye karatasi, na riwaya, hekaya, tenzi na tamthilia zipewe sauti. Tena kusikiliza kwenyewe kufundishwe kama ustadi: mara ya kwanza mtoto akae, asikilize bila kazi nyingine, dakika kumi na tano, kisha aulizwe nini kimetokea na anadhani nini kitafuata. Mara ya pili ndiyo iandamane na kuosha vyombo au kuchambua mboga. Wanaosema tunaweza kumwachia mtoto spika ikaongea pembeni huku anacheza, ikahesabiwa amesoma, wanastahili kupingwa.

La tatu ni hofu kwamba mtoto akishazoea kusikiliza hatajifunza kusoma. Hofu hii ina umri. Hata santuri za wasioona zilipotoka, wapo waliohofia kuwa maandishi ya nukta nundu yatatupwa. Ni hofu inayofaa kusikilizwa, maana ni kweli tupu kwamba kitabu cha sauti hakifundishi herufi, na mtoto hatajua "ng'" na "ng" kwa kusikiliza pekee. Turudi kwenye hesabu ya 1986: sifuri upande wa herufi huangusha zao sawa na sifuri upande wa lugha. Jibu ni kuviweka pamoja. Mtoto awe na kitabu mapajani na sauti sikioni, kidole kikifuata mstari, ili kila neno analolisikia likutane na sura yake. Kwa mwenye disleksia, ambaye herufi humsumbua ingawa akili yake ni kali, mpango huu unaweza kumwokoa asibaki na vitabu vya wadogo zake hadi darasa la saba. Kwa wengine wote ni ngazi, na ngazi ikishamfikisha mtu darini haimzuii kutembea.

Pingamizi la mwisho ni la moyoni: mashine itachukua nafasi ya bibi. Hapa mtetezi hana budi kukubali hasara. Bibi akisema "Paukwa", hungoja "Pakawa", na asipoisikia kwa kishindo hurudia. Huona uso wa mjukuu ukitishika na kumwondoa zimwi mapema. Huulizwa "kwa nini sungura hakukimbia?" na hutunga jibu papo hapo. Kitabu cha sauti hakimwoni msikilizaji wake. Lakini swali la kweli ni nani aliyepo nyumbani jioni. Bibi yuko kijijini, wajukuu wako Mbagala au Kayole, mama anarudi saa mbili usiku akiwa hoi, na simu tayari iko mkononi mwa mtoto ikiwa na mambo yake. Katika nyumba hiyo kitabu cha sauti hakishindani na bibi. Kinashindana na video fupi zisizo na mwisho. Na mzazi ambaye mwenyewe husoma kwa shida, au aliyezoea kuona haya mbele ya kitabu cha mwanawe, anaweza kukaa akasikiliza pamoja naye, akauliza yale ambayo bibi angeyauliza. Sauti ya kurekodi inamwachia kazi iliyo bora, ya kuzungumza juu ya hadithi.

Gharama zake si za kutisha kama zinavyodhaniwa. Saa moja ya sauti ya kusoma, ikihifadhiwa kwa ubora wa kawaida, huchukua kama megabaiti 29. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti nane, inayoingia kwenye redio ndogo za flashi zinazouzwa kila gulio, hubeba zaidi ya saa 250. Kitabu cha watoto chenye maneno 20,000, kikisomwa maneno 120 kwa dakika, humalizika kabla ya saa tatu. Redio ilishatuonyesha kiu iliyopo: Redio Tanzania ilikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi za watoto alichokiendesha Debora Mwenda, na watu wazima wa leo bado wanakitaja. Upungufu wa redio ni kwamba kipindi kikikupita kimekupita, na mtoto anapenda kusikia kisa kimoja mara kumi. Kinachokosekana sasa ni vitabu vyenyewe. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu kazi zenye hakimiliki zigeuzwe sauti kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi. Kwa watoto waliobaki, wachapishaji na waandishi hawana budi kukubaliana wenyewe, na kuwalipa wasomaji wanaojua kazi. Sauti zitoke Unguja, Mwanza, Nairobi na Bukavu, mtoto ajue lugha yake ina vinywa vingi. Na tusiridhike haraka na mashine inayosoma: chombo kisichotenga barabara na barabara kitamfundisha mtoto kosa lake mara elfu, kwa sauti isiyochoka.

Jaribio lenyewe liko mikononi mwa mwalimu yeyote mwenye spika na nakala moja ya kitabu. Awasikilizishe sura ya kwanza Jumatatu, darasa likiwa limefunga vitabu. Airudie Jumatano. Ijumaa awafungulie ukurasa, amwite yule mtoto wa silabi nane asome. Huenda bado atasita kwenye "wasi-", kidole kikitetemeka chini ya mstari. Lakini safari hii kuna neno linalomngoja upande wa pili, amelisikia mara mbili, anajua nani alimkumbusha nani, na atalirukia kabla hajafika kwenye "sha".